Jahazi la Kyrenia: lilizamishwa na uzee au na maharamia?

Swali
Ndugu zangu, nimesoma habari za jahazi la biashara lililozama karibu na Kyrenia, kaskazini mwa Kupro, mwanzoni mwa karne ya 3 kabla ya Kristo. Inasemekana lilikuwa limekwisha kuchakaa siku lilipozama. Je, chombo kilicholala baharini zaidi ya miaka 2,000 hutambulikanaje kuwa kilizama kikiwa kikongwe, na je, ukongwe huo ndio uliokiponza?

Jibu la 1
Hutambulikana kwa viraka. Jahazi hilo la msonobari lilikuwa dogo, la urefu wa mita 14 hivi, na mafundi wake waliunga kwanza mbao za ubavuni kwa ndimi zilizoingizwa kwenye matundu, ndipo wakatia mataruma, yaani mbavu za ndani za chombo. Baadaye mkuku, yaani boriti kuu ya chini ya chombo, ulivunjika ukaungwa kwa gogo, mbao kadhaa zikabadilishwa, na hatimaye, maji yalipozidi kupenya, likavikwa mabati membamba ya madini ya risasi kwa nje. Hakuna atakayeingia gharama hiyo yote kwa chombo ambacho hakijamfanyia kazi miaka mingi.

Jibu la 2
Naongeza juu ya shehena. Ilikutwa mitungi karibu 400, mingi ikiwa ya kisiwa cha Rhodes, maelfu ya lozi, na mawe 29 ya kusagia yaliyopangwa juu ya mkuku, ambayo bila shaka yalitumika pia kama farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo. Vikombe vinne na vijiko vinne vya mbao vinaonyesha kuwa mabaharia walikuwa wanne, nahodha akiwamo. Nao walivua samaki njiani, kwani vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu vilipita 300.

Jibu la 3
Ukongwe peke yake hautoshi. Michael Katzev, aliyeongoza uchimbaji wa mwaka 1968 na 1969 baada ya mzamiaji Andreas Cariolou kuligundua jahazi mwaka 1965, aliona kuwa lilivamiwa na maharamia, kwa sababu vichwa vya mikuki ya chuma vilikutwa kwenye mabaki yake, ilhali sarafu zilikuwa chache mno.

Muulizaji
Nashukuru. Hata hivyo, uhaba wa sarafu haunishawishi sana, kwa kuwa watu wanne wanaosafirisha lozi na mawe katika chombo chenye viraka huenda hawakuwa na fedha nyingi tangu mwanzo. Mikuki ndiyo inayonitatiza.