Mbwa ana vidonda, mtoto ana majipu: wanaambukizana?

MkaziKgmb: Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Mbwa wetu ana vidonda tumboni vinatoa usaha, vikikauka vinaacha magaga ya njano halafu vinaibuka pembeni, bwana mifugo kamdunga oksitetra akapata nafuu kidogo vikarudi. Sasa binti yangu nae katokwa na majipu, kamaliza dozi ya amoksilini na jingine hilo linavimba. Wanashinda kochi moja hao. Bibi yake anataka mbwa aondoke leo leo, mtoto analia. Kweli bakteria sugu anatoka kwa mbwa anakuja kwa mtu?

DaktariWaMifugo: Pole sana mkuu. Inawezekana ila usimhukumu mbwa mapema, maana wanaambukizana pande zote mbili. Kuna bakteria anaitwa stafilokokasi, mbwa ana wa kwake na sisi tuna wa kwetu anakaa puani na kwenye ngozi, huyu wetu akishakuwa sugu ndo anaitwa MRSA, amoksilini wala kloksasilini hazimfanyi kitu. Na MRSA anayekutwa kwa mbwa na paka mara nyingi asili yake ni binadamu, mtu katoka nae hospitali akamshika mbwa, mbwa akamrudishia mtoto. Mpeleke binti hospitali, usaha wake na wa mbwa uoteshwe maabara waone dawa gani inawaua hao bakteria. Kabla ya hapo hakuna sindano nyingine tafadhali.

Mama Paka: Marekani 2016 hadi 2018 watu 118 waliharishwa na bakteria anaitwa kampilobakta, sugu kwa dawa kibao, chanzo vitoto vya mbwa vya madukani, kufuatilia wakakuta asilimia 95 ya vile walivyochunguza vilishapewa antibayotiki na zaidi ya nusu haviumwi, eti kinga!! Na huku kwetu kuku akikohoa tu mtu kashakimbilia dukani, inaniuma sana.

MkaziKgmb: Asanteni. Dokta, bibi yake alilazwa na kidonda cha mguu, katoka juzijuzi, na hilo kochi ndo anakaa yeye.

DaktariWaMifugo: Hilo uliseme hospitali, kidonda chake nacho kipimwe. Kifunikwe muda wote, mbwa asikilambe, kila mtu taulo lake, mikono kwa sabuni kila mkimgusa mbwa, foronya na matandiko yote yafuliwe kwa maji ya moto. Mbwa abaki, alale chini kwanza. Sampuli yake ulizia TVLA, maabara ya mifugo ya serikali, pale Temeke.