Tupeane uzoefu: kulipia jina la biashara kwenye orodha za mtandaoni, kuna faida au Google inatosha?

FundiBaridi_Kampemba
Habari zenu ba yaya, wakubwa zangu, na ba mama. Leo asubuhi amepita kijana mmoja kwenye atelye yetu, anauza nafasi katika orodha ya makampuni ya Katanga mtandaoni. Anataka dola 150 kwa mwaka: jina, namba ya simu, picha moja, na "kupandishwa juu kwenye Google". Sisi tunatengeneza vyumba vya baridi, friji za bucheri na klimatizeri za kupoza hewa. Wateja wetu wengi waliletwa na wateja wengine, lakini hawa wenye bucheri mpya za Bel-Air na Golf, hapa Lubumbashi, hawamuulizi tena jirani, wanafungua simu. Sikumkatalia, sikumlipa. Aliyekwisha kulipia mambo haya atuambie yalimletea nini. Na aliyeonekana bila kulipa atuambie alifanyaje.

MamaDepo_Katuba
Nililipa mwaka mzima. Hakuna mteja hata mmoja aliyesema ameniona huko. Waliopiga simu ni wauzaji wa orodha nyingine.

Yaya_wa_Kenya
Njo vile, mama! Ukilipa kwa mumoja, bote banapata namba yako.

Mhasibu_Likasi
Mmenikumbusha jambo la kazini. Kampuni niliyokuwamo ilikuwa inauzia migodi mabomba na valvu. Siku moja ikafika fomu kutoka Ulaya, karatasi nzuri, jina letu limeshachapwa juu, adresi yetu ina herufi mbili zilizokosewa. Imeandikwa: hakikisheni maelezo yenu, kusahihisha ni bure, rudisheni ikiwa na sahihi na muhuri. Karani wa mapokezi akasahihisha, akagonga muhuri, akatuma. Chini kabisa, kwa maandishi ya kusomwa na miwani, kulikuwa na mkataba wa miaka mitatu, karibu yuro elfu moja kila mwaka.

Haukupita muda, faktire ya kudai malipo ikaja. Ikafuata barua ya "idara ya madai", ikafuata ya mtu aliyejiita avoka, yaani mwanasheria, kila moja ikiongeza riba juu ya nyingine. Patron, bosi wetu, alitaka kulipa ili jina lisichafuke kwa wateja wa nje. Avoka wetu wa hapa ndiye aliyemshika mkono. Aliandika barua moja tu: karani hana mamlaka ya kuifunga kampuni kwa mkataba, na bei ilifichwa kwa makusudi. Kisha akatukataza kujibu kitu chochote tena. Barua ziliendelea, zikapungua, zikakoma. Ujanja huu uliwaumiza wafanyabiashara wa nchi nyingi mpaka Bunge la Ulaya likapitisha azimio juu yake Desemba 2008. Fomu yoyote yenye neno "sahihisha bure" isomwe mpaka mstari wa mwisho, na muhuri ukae kwa patron.

Kaka_Ruashi
Muhuri ukae kwa patron. Hilo liandikwe ukutani.

Mzee_Cyber_Kamalondo
Nilikuwa na sayba ya intaneti enzi watu wanapanga foleni ya kufungua barua pepe, kwa hiyo haya niliyaona yakizaliwa na yakifa. Orodha zilikuwa na maana yake zamani. Yahoo yenyewe ilianza 1994 kama orodha ya tovuti iliyopangwa kwa mkono na wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo. Baadaye kampuni iliyotaka kuingia ililipa dola 299 kwa mwaka ili mhariri aitazame tovuti yake, na akiikataa, fedha hairudi. DMOZ, orodha nyingine iliyoanza 1998, ilikuwa bure, ikiendeshwa na wahariri wa kujitolea, lakini ungeweza kungoja mpaka ukasahau kwamba uliomba.

Kwa nini watu walihangaika hivyo? Kwa sababu Google ilikuwa inahesabu viungo, yaani linki: tovuti inayotajwa na tovuti nyingi ilipanda. Basi kila mjanja akafungua orodha yake ili auze viungo. Google ikawaona, na kuanzia Aprili 2012, kwa badiliko lililoitwa Penguin, ikawa inazishusha tovuti zilizojipandisha kwa njia hiyo. Orodha ya Yahoo ilifungwa mwisho wa 2014, DMOZ Machi 2017. Leo kanuni za Google zinataka kiungo kilicholipiwa kiwekewe alama ili kisihesabiwe. Kwa hiyo huyo kijana anauza ahadi isiyokuwa mikononi mwake. Usimpe hata franka.

Wakala_Katanga
Mzee, nakuheshimu, lakini hatufanani sote. Mimi nauza nafasi kwenye orodha, najulikana, ofisi yangu inajulikana. Mnunuzi wa mgodi kule Kolwezi akitaka kukodi kreni au kununua mikanda ya konveya hakai kutafuta kwenye Google kama mwanafunzi. Anafungua orodha ya fani, anapiga simu tatu, anaomba bei. Nina mteja aliyepata kazi kwa njia hiyo.

Mzee_Cyber_Kamalondo
Andika kwa Kifaransa, kama wanunuzi wanavyoandika, "location grue Lubumbashi", yaani kukodi kreni. Orodha yako inatokea ukurasa wa ngapi?

Wakala_Katanga
Nimesema orodha ya fani. Sikusema Google.

Mzee_Cyber_Kamalondo
Basi msiwaahidi watu Google.

Mhasibu_Likasi
Mko wote na haki kidogo. Lakini kwa kazi za migodi mnasahau jambo kubwa. Sheria ya sutretansi, yaani kazi ambazo kampuni kubwa inazipa kampuni nyingine, ya Februari 2017 inataka kazi hizo ziende kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji ni ya Wakongomani. Mnunuzi atakuuliza karatasi ya ARSP, mamlaka ya serikali inayosimamia sutretansi, kabla hajakuuliza tovuti. Mwenye dola 150 aanze na karatasi zake.

Wakala_Katanga
Hapo nakubali, yaya.

MamaNyumbaYaWageni
Samahani naingia katikati. Mnabishana juu ya kulipa na kutolipa. Yaliyonipata mimi yalitoka kwenye ya bure, na sijawahi kuyaandika popote.

Tuna nyumba ndogo ya wageni upande wa Kasapa. Hatukuwa tumejiandikisha kokote. Mtu, labda mgeni aliyelala kwetu, alitubandika kwenye ramani moja ya mtandaoni: jina, picha ya geti, basi. Ukurasa haukuwa na mwenyewe, na ukurasa wa namna hiyo mpita njia yeyote anaweza kupendekeza namba ya simu. Mtu akapendekeza yake.

Ijumaa moja ya Agosti, wakati wa ndoa nyingi, saa nne za usiku zikasimama basi ndogo mbili mbele ya geti. Wazee, mama wenye watoto mgongoni, masanduku ya nguo. Wametoka Kolwezi kwa ndoa ya mtoto wao kesho yake. Mama mkubwa mmoja akanionyesha simu: "Tulilipa vyumba sita, nusu ya bei, tukaongea na bwana wa mapokezi." Sina bwana wa mapokezi. Niko mimi na mtoto wa dada yangu. Na vyumba vyote vilikuwa na watu.

Wakadhani mwizi ni mimi. Baba mmoja alipaza sauti mpaka majirani wakatoka nje. Nikaipiga ile namba mbele yao wote, sauti nimeiweka wazi. Mtu akapokea, akataja jina la nyumba yangu, akasema karibuni. Nikamwambia: "Mwenye nyumba hiyo ndiye anayekupigia." Akakata. Kimya kikaingia pale kwenye geti, na yule baba akakaa chini juu ya sanduku, akashika kichwa. Ndipo walipoelewa. Mimi nilitetemeka mpaka alfajiri.

Mama na watoto tuliwalaza sebuleni kwangu juu ya magodoro, wanaume wakapokelewa kwa mchungaji jirani. Kulipokucha tulipiga pasi nguo za ndoa juu ya meza yangu ya chakula, zamu kwa zamu, umeme ukienda ukirudi. Fedha haikurudi. Laini ilikuwa imeandikishwa kwa jina la mtu ambaye hakujua lolote. Polisi waliandika, ikaishia hapo.

Baadaye niliudai ukurasa ule uwe wangu. Walitaka video: nionyeshe barabara, kibao, kisha ufunguo wangu ukifungua mlango. Sikulipa kitu. Tangu hapo namba inayoonekana ni yangu, lakini hadi leo kuna wateja wanaopiga na kuniuliza kama ni mimi kweli.

Yaya_wa_Kenya
Mungu wangu. Mama, pole sana.

MamaDepo_Katuba
Bibi harusi alijua?

MamaNyumbaYaWageni
Alifichwa mpaka Jumatatu. Yule mama mkubwa wa Kolwezi ananipigia kila sikukuu sasa, tumekuwa ndugu.

Kaka_Ruashi
Nimetoka kuangalia jina la garaji yetu. Iko kwenye ramani, haina mwenyewe! Namba ni ya fundi aliyeondoka zamani.

Mzee_Cyber_Kamalondo
Idai leo, usilale. Ya Google haina malipo, na anayekupigia akisema anatoka Google akitaka fedha ili akuthibitishe, mkatie simu.

Mwongozaji_Goma
Salamu kutoka Goma. Sisi wa utalii tulikuwa kwenye orodha ya nje ya kulipia. Kusema ukweli, wakati wa amani ilituletea watu. Mgeni wa mbali haamini ukurasa mtupu, anataka kuona mahali ambapo wengine wameacha maoni. Shida ilikuja baada ya mlipuko wa volkeno ya Nyiragongo wa 22 Mei 2021. Orodha iliendelea kuonyesha picha za kupanda mlima na bei zetu, tukaomba zitolewe, hakuna aliyejibu. Tukawa tunajibu barua za watu wanaotaka kulala juu ya kreta huku mji unazika watu wake. Kabla ya kulipa, waulize ni nani anayebadilisha maelezo na kwa muda gani.

FundiBaridi_Kampemba
Asanteni, nasoma yote. Kwa hiyo nilipe au nisilipe?

MamaDepo_Katuba
Usilipe. Weka picha za kazi kwenye WhatsApp kila siku, inatosha.

Kaka_Ruashi
Haitoshi, mama. Wanaoziona wana namba yake tayari.

Yaya_wa_Kenya
Chora tangazo ukutani kwenye njia ya Kasumbalesa. Ukuta hauombi mega za intaneti.

Wakala_Katanga
Mwambie akupe majina ya mafundi wa baridi waliolipa mwaka jana, uwapigie watatu mwenyewe. Akikataa, mwache. Nasema hivi ingawa ni kazi yangu.

Mhasibu_Likasi
Na ukilipa, lipa miezi mitatu, si mwaka, na usiwape kadi ya benki, kwa sababu mkataba unajirudia wenyewe. Nunua laini mpya, namba hiyo iwe kwenye orodha hiyo tu. Ikiita, unajua imetoka wapi. Isipoita, umepata jibu lako.

Mzee_Cyber_Kamalondo
Hilo la laini ni zuri. Mimi bado nasema asilipe, ila kwenye ukurasa wa bure aandike kazi kwa Kifaransa, "chambre froide, Lubumbashi", aongeze na Kiingereza kwa watu wa Zambia, picha zake mwenyewe, na wateja wa kweli waombwe kuandika maoni. Adresi peke yake haimfikishi mtu. Aweke na rejea, nyuma ya soko gani, karibu na shule gani.

Kaka_Ruashi
Mzee, nimeanza kuidai ile ya garaji. Alama imeangukia kwenye uwanja wa jirani anayeuza mbao, na watu wataenda kumsumbua. Nitaisogezaje?

Mzee_Cyber_Kamalondo
Gusa hariri, kisha mahali, vuta ile alama kwa kidole mpaka juu ya paa lenu, hifadhi. Itachukua muda kidogo kukubaliwa. Usiivute mara mbilimbili.

Kaka_Ruashi
Nimevuta. Inasema inakaguliwa.