Mtambo wa cheche: antena ya moja kwa moja, saketi mbili za Braun, au pengo la Wien?

Fundi_Redio (mwanzisha mada)
Ndugu wanajukwaa, ninaandaa mfano wa mezani wa mitambo ya kwanza ya redio kwa ajili ya kufundishia, nami nimebaki na michoro mitatu. Wa kwanza ni wa Marconi wa 1896, ambao pengo la cheche (nafasi ndogo ya hewa ambamo umeme huruka) limekaa kati ya antena na ardhi. Wa pili ni wa Ferdinand Braun, wenye kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji), koili na pengo katika saketi funge, huku antena ikipokea nishati kupitia koili ya pili. Wa tatu ni huohuo wa Braun, ila pengo lake ni la sahani za shaba alilobuni Max Wien mwaka 1906. Upi una nafuu? Na je, koili ya Tesla (ya kuzalisha volti kubwa mno) niliyo nayo yaweza kutumika badala ya mitambo hii?

Mkazakamba
Mchoro wa kwanza uuweke kwa ajili ya historia tu. Antena yenyewe ndiyo kapasita, na chaji inayobeba ni ndogo, hivyo ukitaka nguvu zaidi huna budi kupandisha volti hadi vihami, yaani sehemu zisizopitisha umeme, vishindwe. Isitoshe, cheche imo katika njia ya antena na ukinzani wake unakula mtetemo, kwa hiyo wimbi hufifia upesi na kutapakaa kwenye masafa mengi, yaani kasi nyingi tofauti za mtetemo. Oliver Lodge aliongeza koili ya kulenga masafa mwaka 1897, lakini ghala la nishati likabaki dogo. Kwa Braun, kapasita ya nanofaradi 10 iliyojazwa hadi volti 15,000 hubeba takriban joule 1.1 kwa kila cheche. Antena ya nanofaradi 1, kwa volti zilezile, hubeba sehemu moja ya kumi tu. Mimi nachagua wa pili.

Timazi
Naafiki kuhusu ghala, ila Mkazakamba ameiruka kasoro ya Braun. Saketi zote mbili zikiwekwa kwenye kilohezi 500 na kipimo cha muungano wa koili (jinsi moja inavyoathiri nyingine) kikiwa 0.2, hupati wimbi moja bali mawili, karibu na kilohezi 456 na 559. Ukilegeza muungano yanakaribiana, lakini nishati inachelewa kufika kwenye antena, nayo cheche inazidi kuila.

Kuona saketi hizo mbili zinavyopokezana nishati, funga kamba kati ya viti viwili, ning'iniza timazi mbili zenye urefu sawa, kisha sukuma moja. Baada ya muda ya kwanza husimama na ya pili hubembea kwa nguvu zote. Ukiziacha, nguvu hurudi ilikotoka. Ndivyo lifanyavyo pengo la kawaida, maana hewa yake ingali na joto na inapitisha umeme. Ukiishika ya kwanza palepale inaposimama, ya pili itabembea peke yake kwa mwendo wake. Sahani za Wien, zilizokaribiana mno na zenye shaba ya kunyonya joto, ndizo huo mkono unaoshika.

Mwana_wa_Cheche
Koili ya Tesla ni saketi hizohizo mbili, isipokuwa ncha ya juu ya koili ya pili imeachwa huru ili volti zipande, wakati mtambo wa redio unataka nishati iondoke kama wimbi. Robo ya wimbi la kilohezi 200 ni mita 375. Koili ya mezani haifikii hapo, ingawa redio za majirani itazichafua vya kutosha. Kuhusu pengo, Timazi yuko sahihi. Langu la kwanza lilikuwa misumari miwili: ilipata wekundu, transfoma ikanguruma, na juu ya koili hapakuonekana cheche. Nilipopanga vipande vya bomba la shaba sambamba na kuvipulizia feni, cheche ziliruka.

Fundi_Redio
Basi nachukua wa tatu. Nafasi kati ya sahani iwe kiasi gani?

Timazi
Takriban milimita 0.2 kwa kila pengo, ukizitenganisha kwa pete za maika (madini yasiyopitisha umeme), na mapengo kadhaa mfululizo. Fanyia kazi ndani ya kizimba cha chuma kilichounganishwa na ardhi, kwa kuwa kurusha mawimbi ya cheche hewani hakuruhusiwi tena, na usiiguse kapasita kabla hujaimaliza chaji, hata kama umeme umekatwa.