Tumelipia ekzosi mpya ya ndege, tumefungiwa silensa kuukuu iliyopakwa rangi

Wakuu, habari za humu.

Nimesubiri siku tisa hasira zipoe na hazijapoa, basi acha niandike hivyohivyo.

Tuko watu watatu, tumechangiana kununua ndege ndogo, Cessna 170B ya mwaka 1954. Viti vinne, gurudumu dogo mkiani, injini ya Continental ya silinda sita. Ilitoka kiwandani Wichita, Marekani, mwaka uleule TANU ilipozaliwa. Kabla hujaandika "uzeni hicho chuma chakavu", fahamu kwamba ndege haizeeki kama daladala. Kila kinachochoka kinabadilishwa, na kila kilichobadilishwa kinaandikwa kwenye kitabu cha ndege na mtu mwenye leseni anatia sahihi. Mimi nikipanda na kuwasha injini nimeamini sahihi hizo. Sina kingine cha kuamini, maana sioni kilicho chini ya kava.

Mwezi wa tatu, kwenye ukaguzi wa mwaka, fundi mzee aliyekuwa akituangalizia hii ndege (sasa amestaafu, Mungu ampe umri) alitwambia ekzosi imekwisha. Mabomba yamekonda, kuna nyufa karibu na viungio, msiichezee. Tukakubaliana ibadilishwe yote: mabomba yanayotoka kwenye silinda, silensa mbili, gasketi, stadi (bolti zisizo na kichwa), nati, vibano. Tukapeleka kwenye karakana moja ambayo jina naliacha kwa sababu malalamiko rasmi yameshafika yanapotakiwa kufika. Wakasema silensa mpya zinatoka Marekani, wiki sita. Zikawa miezi minne. Mzigo uko Nairobi. Mzigo uko forodhani. Mhusika amesafiri. "Bosi, njoo Jumatatu." Nimeenda Jumatatu hadi walinzi wa getini wananiita shemeji.

Tukalipa shilingi milioni 14. Tukakabidhiwa ndege mwezi wa saba. Ekzosi inang'aa kama sufuria ya harusi, kitabuni imeandikwa silensa mpya mbili, mhuri umegongwa.

Jumamosi iliyofuata nikaondoka Arusha alfajiri na mpwa wangu wa miaka kumi na mitano kwenda Mwanza. Baridi ya Julai mnaijua. Tulipokaribia nyanda za Ngorongoro, futi 10,500, vidole vimekufa ganzi, nikavuta kitasa cha joto.

Hapa nieleze kidogo kwa wasioijua hii mitambo. Ndege hizi hazina hita ya umeme. Silensa imezungushiwa bati kama koti, hewa ya nje inapita kati ya koti na silensa, inapata moto, inaletwa kwenye kabini. Kwa hiyo kati ya hewa unayoivuta na moshi wa injini pana ukuta mwembamba wa chuma, basi. Ukipasuka, unavuta kaboni monoksaidi, gesi ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Gesi yenyewe haina rangi wala harufu. Inanasa kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na huko juu hata oksijeni yenyewe ni ya kubahatisha.

Dakika kama ishirini hivi kichwa kikaanza kugonga. Nikasingizia usingizi, niliamka saa tisa usiku. Kilichonishtua ni mtoto. Huyu huwa haachi kuuliza maswali, "Mjomba ile nini, mjomba hii ya nini", na alikuwa amenyamaza. Nikamgeukia.

"Vipi wewe?"

"Mjomba, kichwa kinaniuma. Nasikia kichefuchefu."

Watu wawili kuumwa kichwa kwa wakati mmoja ndani ya ndege hakuna uhusiano na usingizi. Nikafunga joto, nikafungua dirisha na matundu yote ya hewa, nikageuza na kushuka kiwanja cha Manyara. Tulipotua ndipo nikaitazama ile kadi ya kupimia gesi iliyobandikwa mbele yangu. Kidoa chake cha rangi ya chungwa kilikuwa cheusi. Sikukitazama hata mara moja njiani. Hilo kosa ni langu na nalibeba.

Mwenzangu mmoja akaja kwa gari na kipimo cha gesi hiyo, cha kutumia betri, kinachoonyesha namba. Tukawasha injini ndege ikiwa imefungwa, joto wazi: 140, yaani sehemu 140 za gesi katika milioni moja ya hewa, na inapanda. Kiwango cha juu kinachokubalika kwenye kabini ya ndege za aina hii ni sehemu 1 katika 20,000, yaani 50 kwenye kipimo hicho. Tukazima tukafungua kava.

Tulipovua koti la silensa ya kwanza mwenzangu alikaa chini kwenye nyasi, hakusema neno. Ilikuwa silensa yetu wenyewe. Ileile ya zamani! Naijua kwa mbonyeo ulioko ubavuni. Ufa umechomelewa kwa chuma cha kawaida, limebaki bonge kama uji uliogandia kwenye mwiko, halafu wakapaka rangi ya fedha ya kuvumilia moto. Pembeni ya bonge hilo chuma kimepasuka upya, na kuna michirizi ya kijivu inayoonyesha moshi ulikopitia. Tukapuliza hewa kutoka nyuma ya bomba kwa mashine ya kufyonzea vumbi tuliyoigeuza, tukapaka maji ya sabuni. Povu kama ndoo ya dobi.

Silensa ya pili tulimulika tochi ndani. Vile vibati vya ndani vya kutuliza moto vimekatika na kimoja kimelala karibu kabisa na mdomo wa kutokea. Kikiziba pale, moshi unakosa njia na injini inapoteza nguvu. Labda unaruka, labda uko juu ya miti ya watu.

Gasketi zilikuwa zilezile, alama za kubanwa mara ya kwanza zinaonekana. Stadi mbili zinacheza kwa mkono. Na dharau niliyoshindwa kabisa kuisamehe, ndogo tu: mtu ameandika kwa penseli "KUSHOTO" na "KULIA" juu ya chuma. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa ufundi wa ndege anafundishwa usiguse ekzosi kwa penseli. Ikipata moto, kaboni ya penseli inaingia kwenye chuma na ufa unaanzia hapohapo. Kisha wamekaza koti kwa waya wa mabati, wenye zinki, ambayo nayo inaharibu chuma hicho kikichemka. Hawa hawakukosa vifaa. Hawakujali.

Nikawapigia. Jibu, neno kwa neno: "Bosi, silensa za ndege hiyo hazipatikani tena duniani, tukaona tuwasaidie." Uongo. Wapo watu Marekani wanazitengeneza mpya hadi leo kwa kibali, zinakuja na fomu yake ya 8130-3, hati ya kuthibitisha kwamba spea ni halali. Nikaomba fomu yetu. Wakanitumia picha ya simu, namba ya spea iliyoandikwa ni ya ndege nyingine kabisa. Na sipingi kuchomelea, mnielewe. Wapo wenye kibali, wanachomelea kwa gesi ya argoni, wanafunga kifaa kwenye kiolezo kisipinde, kisha wanapima. Kama mngeniambia "tumechomelea", ningeamua mwenyewe kama nalipa au nachukua ndege yangu. Mliandika MPYA.

NYONGEZA: Kuna waliosema nakuza mambo, "moshi kidogo tu umekuwa msiba". Tarehe 31 Desemba 2017 ndege ya kuelea ya aina ya Beaver, ya miaka ya 1960, ilianguka kwenye maji karibu na Sydney, Australia. Rubani na abiria watano, wote wakafa. Wachunguzi wakakuta ekzosi ilikuwa na nyufa, na kwenye ukuta unaotenga injini na kabini bolti tatu hazikuwepo, moshi ukapita hapo. Bolti tatu! Wapenzi wa mpira mnamkumbuka Emiliano Sala, Januari 2019, alikuwa anatoka Nantes kwenda Cardiff kwa ndege ndogo iliyoanguka baharini. Damu yake ilipopimwa, asilimia 58 ilikuwa imeshikwa na gesi hii. Na kati ya abiria wa Sydney alikuwemo binti wa miaka 11. Mimi nilikuwa na mtoto wa dada yangu, na mpaka leo sijapata ujasiri wa kumsimulia dada yangu yote.

NYONGEZA 2: Mkuu uliyeuliza tufanye nini sisi wenye ndege za zamani: msikabidhiwe silensa ikiwa tayari imefungwa. Iombeni mezani, pamoja na karatasi yake, soma namba kwenye chuma na kwenye karatasi. Chukueni na ile ya zamani muondoke nayo. Kipimo cha namba kinunuliwe, kadi zinafifia na macho yanazizoea. Na hata silensa nzima ina mwisho wake, FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliwahi kushauri zibadilishwe kila saa 1,000 za kuruka.

Ndege bado iko Manyara, pua wazi, tumeifunika turubai. Milioni 14 tunazidai. TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, wamepokea barua yetu na picha 46. Jana yule wa karakana kapiga simu kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake, anaomba nimrudishie silensa zote mbili "ili tuzichunguze". Ziko ndani ya gunia chini ya kitanda changu, mke wangu analalamika zinanuka. Zitakaa hapo mpaka aje mtu wa Mamlaka na karatasi ya kunisainia kwamba amezipokea.