Naenda Matema peke yangu na sijabuku chumba: nitalala wapi kwa 20,000?

Kihesa26
Wakuu, habari za jioni. Ijumaa hii natoka Iringa na begi moja la mgongoni, msichana, peke yangu. Nataka Matema, Ziwa Nyasa, ziwani kabisa, kisha kijiji cha Ikombe kwa wafinyanzi wa Kikisi. Bajeti ya kulala ni 20,000 kwa usiku. Nifanyeje nisihangaike gizani?

Mwana Rungwe
Dada, usiku wa kwanza usilale Matema. Hata basi la alfajiri likikushusha Uyole, njia panda ya Mbeya, mchana, bado una zaidi ya kilometa 100 za kosta hadi Kyela, na kosta za njia ile zinasimama kila penye mtu: Isongole, Tukuyu, mpaka chini. Magari ya Matema yanaanzia Kyela, yanapita Ipinda, na hayaondoki hadi yajae. Jioni abiria wamepungua, gari linakaa, jua linazama, unaishia kwenye bodaboda usiku na begi lako. Lala Kyela mjini, gesti ziko karibu na stendi, unachagua. Jumamosi ingia Matema kufika saa nne. Watu wa Mbeya wanaoshuka kuogelea wikiendi wanafika baadaye, wewe umeshapata chumba.

Mama Usipa
Nakazia hapo kwenye chumba. Usitoe hela kabla hujakiona. Inua chandarua kuelekea dirishani: tundu la punje ya mchele linampitisha mbu, lifunge kwa uzi. Kisha kishushe uone kama kinaingia chini ya godoro pande zote nne. Vile vya duara kwenye kitanda cha tano kwa sita mara nyingi vinaishia hewani upande wa miguuni, na mbu wanaingilia hapo hapo. Kyela ni bonde la joto na mpunga, malaria ipo, baridi ya Isongole isikudanganye.

Halafu mlango. Ingia, funga komeo, vuta kwa nguvu. Skrubu zikicheza, omba chumba kingine. Fungua bomba pia. Maji yasipotoka, ulizia ndoo kabla ya kulipa. Chumba chenye choo cha nje ni nafuu, ila angalia taa ya njia ya kwendea chooni. Gesti yenye baa hapo hapo iache, hata bei iwe nzuri. Kitabu cha wageni jaza mwenyewe, na namba ya chumba isitajwe mbele ya watu.

Busale
Ikombe usiitegemee kwa kulala. Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini, tambarare ni kidogo, na si mahali pa kwenda ukidhani utakuta gesti. Acha begi chumbani Matema, nenda asubuhi kwa mtumbwi, rudi siku hiyo hiyo. Miezi hii mwera, upepo wa kusini, ukivuma ziwa linachafuka, mtumbwi unaweza kugoma kurudi. Ukishikwa na mawimbi usitafute pa kulala kwa kubisha mlango mmoja mmoja: nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, jitambulishe, akuelekeze nyumba yenye familia. Beba shuka, tochi na chandarua chako.

Kuoga, epuka penye matete na midomo ya mito. Kuna kichocho, na mamba wanapenda huko.

Kihesa26
Asanteni sana. Nikipiga simu Matema wakataka nitume nusu kwanza?

Mwana Rungwe
Usitume kwa namba uliyopewa na mpita njia. Waambie utafika saa nne, wakushikie hadi saa sita, utalipa ukiona chumba. Wakikataa, jaribu kituo cha kanisa. Getini wanafunga mapema, uliza saa.

Mama Usipa
Na toa taslimu Kyela, ya siku zote. Wakala wa kijijini Jumapili anaishiwa floti. Noti ndogo ndogo, mdogo wangu, na chakula cha jioni agiza mchana, maana samaki wanapikwa kwa hesabu.