Tupeane uzoefu: nani aliuza motoka yake mwenyewe hapa Lubumbashi, bila komisionere, yaani dalali?

Jambo yenu wote. Nina Toyota Ist ya 2004, volan (usukani) kuume kama nyingi zinazotuingilia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, moteri 1NZ ya litre 1,5. Haijafanya taksi hata siku moja. Esansi inakula kidogo, lakini nikisema hivyo wanunuzi wanacheka. Na usafi wake ndio unaniponza! Juzi baba mmoja alilala chini yake na suti yake, akakagua weee, akaibuka: "Mzee, hapa kuna kitu umeficha." Ninyi mliuzaje? Semeni hata yaliyowachoma.

Yaya wa Bel-Air
Acha kusema "inakula kidogo". Hata mwenye jipe ya V8 anasema hivyo. Mimi nilimpeleka mteja sitesheni, tukajaza tangi mpaka shingoni, tukaenda Likasi na kurudi, kama kilometa 240. Pampu ileile, tukajaza tena: litre 15 na nusu. Akapiga hesabu mwenyewe kwenye simu, litre 6 na nusu kwa kilometa 100. Esansi alilipa yeye. Habari ya ulaji ikafa palepale, akahamia kwenye mipira ya magurudumu ya nyuma. Hapo alikuwa na haki, ilikuwa imekwisha kabisa.

Fundi wa Katuba
Mimi ndiye yule anayeletwa kukagua. Nakuja asubuhi, moteri ikiwa baridi. Nikigusa boneti nikakuta moto, namuuliza muuzaji alikuwa anaenda wapi mapema hivyo. Ndani ya moteri, 1NZ ina cheni ya taimingi, si mkanda. Mnunuzi akikukata pesa ya "mkanda wa zamani" anakupima akili tu. Lakini cheni ikipiga kelele ukiwasha asubuhi, mara nyingi vidanji, yaani kubadilisha oili ya moteri, zilirukwa. Mwenye daftari ya vidanji, zenye tarehe na kilometa, mimi namaliza kazi upesi.

Mama wa Kalubwe
Yangu ilinunuliwa ndani ya siku 3 tu, shida ilikuja nyuma. Kwanza dola: noti moja ilikuwa imepasuka pembeni, ndogo kama ukucha. Mnajua hapa kwetu, hakuna aliyeipokea. Siku hizi nahesabia benki, mnunuzi akinuna anune. Pili, ndiyo iliyonichoma: nilimwachia kartirozi, kadi ya motoka, bado ina jina langu, akaniahidi ataibadilisha "wiki ijayo". Miezi 5 baadaye napigiwa simu, motoka *yangu* imegonga pikipiki. Nilitembea na ile karatasi ya mauzo mpaka viatu vikaisha. Bahati ilikuwa na saa ya kukabidhi, si tarehe peke yake, na kopi ya kitambulisho chake.

Yaya wa Bel-Air
Pole sana mama. Saa hata mimi sikuandika.

Mwenye Ist
Asanteni. Daftari ya vidanji nimeipata. Mke wangu alikuwa anaandikia humo likelemba ya wamama, mchango wao wa kupokezana pesa, kurasa za nyuma. Tumekubaliana asizing'oe. Jumamosi anakuja mtu wa Ruashi, saa 12 asubuhi, moteri itakuwa baridi kama maji ya mtungi. Nimemwambia aje na fundi wake, na pesa ya esansi ya Likasi.