Nimepigwa 45,000: kozi ya thieta ya Urusi na "waigizaji wa Uswidi" ambao hata Moscow hawakufika

Wakuu, habari zenu. Mods naomba msiuhamishie uzi huu kwenye vichekesho, nina hasira kweli.

Nimelipia kozi ya mtandaoni ya historia ya sanaa za maonyesho. Wiki ya tatu mkufunzi anatuwekea slaidi: thieta ya ikulu ya Urusi ilianzishwa na waigizaji kutoka Uswidi na Denmark. Nikauliza kwa adabu zote, "Mwalimu, walifika Moscow lini?" Kimya. Nikarudia. Nikaambiwa naleta ujuaji, na asubuhi nakuta nimeshatolewa kwenye grupu.

Basi namwaga hapa.

Mei 1672 Tsar (mfalme wa Urusi) Alexei Mikhailovich anataka michezo ya kuigiza. Ndiye huyu huyu aliyepiga marufuku wachekeshaji wa mitaani mwaka 1648 na ala zao zikachomwa moto! (Ila safari hii ana mke kijana, Natalya Naryshkina, aliyelelewa nyumbani kwa Artamon Matveev, mkuu wa idara ya mambo ya nje na mpenda mambo ya Ulaya. Malizieni wenyewe.) Kanali Nicolaus von Staden akatumwa Courland (eneo la Latvia ya leo) kutafuta mafundi na watu wanaojua kuigiza. Akapita Riga, ambayo wakati huo ilikuwa mali ya Uswidi, akafika mpaka Stockholm. Akapatana na kundi la waigizaji la kina Paulsen wa Copenhagen. Kupatana tu, jamani! Wenyewe walipozitafakari habari za Moscow, kwamba kuingia rahisi ila kutoka ni majaliwa, wakaingia mitini.

Staden karudi Desemba na mpiga tarumbeta mmoja na wanamuziki wanne. Hesabu: watu watano, mwigizaji hata wa dawa hakuna.

Na onyesho rasmi la kwanza? Tarehe 17 Oktoba 1672 kwa kalenda yao ya zamani, kijijini Preobrazhenskoye, karibu na Moscow. Desemba inakuja kabla ya Oktoba katika kalenda ya nani?

Tsar hakumsubiri mtu. Tangu 4 Juni, siku chache baada ya mwanawe Petro (ndiye Petro Mkuu wa baadaye) kuzaliwa, alishaagiza ukumbi ujengwe, na pia Johann Gottfried Gregorii, mchungaji wa Kilutheri wa mtaa wa wageni, atengeneze mchezo kutoka Kitabu cha Esta. Mchungaji wa watu akakusanya vijana kama 60, watoto wa wageni hao hao, akawafundisha nani awe Hamani na nani awe Mordekai. Laurent Rinhuber, aliyemsaidia kwenye mazoezi, anasema tsar alikaa kwa muda wa saa 10 bila kuinuka. Saa kumi! Mimi kwenye kozi hii dakika 40 zilinishinda.

Sisemi Skandinavia haimo. Imo, tena pazuri: wale wazoefu wa Copenhagen walipogoma, jukwaa la tsar likabaki mikononi mwa mchungaji na watoto, ambao walishaanza na Biblia. Hicho ndicho kisa cha kufundisha. Mkufunzi kageuza mkataba uliovunjika kuwa msafara wa wasanii.

Aliyewahi kurudishiwa hela ya kozi za namna hii aje PM. Na kama mkufunzi yumo humu, swali langu bado liko pale pale: walifika lini?